Sakafu ya bwawa ndiyo inayokula au kulinda mtaji wa mfugaji wa samaki

KADIRI samaki wa Ziwa Victoria wanavyozidi kuwa adimu na bei yake kupanda, wakazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wamegeukia ufugaji wa samaki. Wapo waliochimba mabwawa ya udongo mashambani, wapo waliojenga matangi ya saruji nyuma ya nyumba, na wapo waliotandika karatasi za plastiki kwenye mashimo ili kuzuia maji yasipotee. Fedha zinazotumika si haba. Baadhi zinatoka kwenye VICOBA, nyingine kwenye mauzo ya ng'ombe au pamba, na nyingine kwenye mikopo ya halmashauri inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, wengi wanapoanza mradi huu huuliza maswali mawili tu: vifaranga vinapatikana wapi, na chakula ni bei gani. Swali la tatu, ambalo kwa hakika lingepaswa kuwa la kwanza, huulizwa baada ya samaki kuanza kufa: chini ya yale maji kuna nini?

Maji ya bwawa hayakai peke yake. Hugusana usiku na mchana na kile yanachokalia, kiwe udongo, mchanga, saruji, plastiki au tope. Sakafu hiyo huyapa maji chumvi na madini, huyaongezea au kuyapunguzia uchachu, hunyonya hewa ya oksijeni, na hupokea kinyesi cha samaki pamoja na chakula kilichobaki. Mfugaji anayeifahamu sakafu yake hutumia chakula kidogo kupata kilo moja ya samaki. Asiyeifahamu hulipia kosa hilo kila siku bila kujua.

Hesabu ya mfuko wa chakula

Katika ufugaji wa samaki wanaolishwa, chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote. Kwa hiyo jambo lolote linalomfanya samaki ashindwe kula vizuri, au ale bila kukua, huingia moja kwa moja mfukoni mwa mwenye bwawa.

Tuchukulie mfano wa bwawa la mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Mfugaji akipandikiza sato watatu kwa kila mita ya mraba atakuwa na vifaranga 900. Akivuna 800 wenye wastani wa gramu 300, atapata kilo 240. Maji yakiwa mazuri na chakula kikiwa bora, kilo moja na nusu ya chakula inaweza kutoa kilo moja ya samaki, hivyo atahitaji kilo 360 za chakula. Maji yakichafuka, samaki hao hao wanaweza kuhitaji kilo mbili za chakula kwa kila kilo ya nyama, yaani kilo 480. Tofauti ni kilo 120, sawa na mifuko sita ya kilo 20. Mfugaji azidishe mifuko hiyo sita kwa bei ya duka analonunulia, ndipo ataona tope la chini ya bwawa linamgharimu kiasi gani katika msimu mmoja. Na hapo hajafa samaki hata mmoja zaidi.

Sababu ni hii. Samaki hawatumii chakula chote wanachopewa kujenga mwili. Katika naitrojeni iliyomo kwenye chakula, kiasi cha robo hadi theluthi tu ndicho hubaki mwilini mwa samaki. Kinachosalia hutoka kama kinyesi na amonia, au huzama kama mabaki. Amonia ni sumu kwa samaki. Huharibu mashavu wanayopumulia, huwaondolea hamu ya kula na kuwafanya washambuliwe na magonjwa kwa urahisi.

Lakini amonia haiwi kali kwa kiwango kimoja kila mahali, kwani hutegemea kipimo cha uchachu wa maji, kinachojulikana kama pH. Maji yakiwa na pH 7 katika joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo huwa katika hali ya sumu kali. Yakifika pH 8, huwa asilimia 5 hivi. Yakifika pH 9, kiasi cha theluthi nzima hugeuka sumu. Kwa maneno mengine, uchafu ule ule unaovumilika katika bwawa moja unaweza kuua katika bwawa la jirani. Na mara nyingi anayepandisha au kushusha pH ni ile sakafu.

Udongo wa Majita si udongo wa Bunda

Mfugaji wa mkoa wa Mara hawezi kunakili bwawa la mwenzake bila kuangalia udongo. Sehemu nyingi za Majita, Musoma Vijijini, zina kichanga. Kichanga hupitisha maji. Bwawa likijazwa asubuhi, kina huanza kushuka kabla ya wiki kwisha. Katika bwawa letu la mita za mraba 300, kina kikishuka sentimita mbili kwa siku, zinapotea lita 6,000, sawa na madumu 300 ya lita 20. Jua na upepo vyenyewe huchukua kiasi cha nusu sentimita tu kwa siku, sawa na madumu 75. Madumu 225 yanayosalia yamemezwa na sakafu, na lazima pampu iyarudishe kwa petroli ya kununua.

Hasara haiishii kwenye petroli. Maji yanayovuja huondoka na mbolea iliyowekwa ili kukuza mwani mdogo sana unaoyapa maji rangi ya kijani. Mwani huo ni chakula cha bure cha sato, na mchana ndio unaotoa sehemu kubwa ya oksijeni ya bwawa. Bwawa linalovuja hubaki na maji meupe, na sato wake hutegemea chakula cha dukani peke yake.

Kwenye tambarare za Bunda kuna udongo mweusi wa mbuga. Huu hushika maji vizuri, kwa kuwa ukilowa huvimba na kuziba nyufa. Shida yake ni nyingine. Ukikauka hupasuka nyufa ndefu, na kingo zikiwa wima humomonyoka na kuangukia ndani. Chembe zake ni ndogo mno, hivyo hukaa zikielea majini na kuyafanya yawe na rangi ya udongo kwa muda mrefu. Mwanga wa jua hauingii, mwani hauoti, na oksijeni hupungua. Kingo za mlalo zilizopandwa majani hupunguza tatizo hili kuliko dawa yoyote. Kambale wakubwa nao, kwa tabia yao ya kufukua chini, huyachafua maji ya aina hii zaidi.

Kabla ya kulipa wachimbaji, mfugaji anaweza kupima udongo bila gharama. Achimbe hadi kina ambacho bwawa litafika, achukue udongo wa chini kabisa, aulowanishe kidogo na kuufinyanga kuwa donge la ukubwa wa chungwa. Kisha alirushe juu na kulidaka. Likivunjika, udongo huo una mchanga mwingi. Likibaki zima, kuna matumaini. Kipimo cha pili ni kuchimba shimo la kufika kiunoni na kulijaza maji asubuhi. Jioni huwa yamepungua kwa sababu udongo ulikuwa mkavu, hivyo alijaze tena hadi juu na kulifunika kwa matawi. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yapo, mahali hapo panafaa. Kama shimo limekauka, ni nafuu kujua siku hiyo kuliko kujua baada ya kununua vifaranga 900.

Kwenye kichanga, njia ya zamani ni kusomba udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa tabaka, zaidi ya mara moja, chini na kwenye kingo. Ni kazi nzito, lakini sakafu hiyo hudumu ikitunzwa na haihitaji kununuliwa upya.

Chokaa: ipi na kiasi gani

Udongo wenye uchachu mwingi huyafanya maji kuwa hafifu. Mbolea ikiwekwa haifanyi kazi, kwa sababu fosforasi hunaswa na udongo, na pH hupanda na kushuka ovyo kati ya alfajiri na alasiri. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Kiasi kinachopendekezwa kwa kawaida ni gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na hutegemea ukali wa uchachu. Kwa bwawa la mita za mraba 300, hiyo ni kilo 30 hadi 60. Husambazwa chini na kwenye kingo wakati bwawa ni kavu, kiasi cha wiki mbili kabla ya kuweka samaki.

Chokaa ya kupaka kuta ni kitu tofauti. Hiyo imechomwa, ni kali, na huweza kupandisha pH kwa ghafla hadi kuua samaki. Hufaa kuulia wadudu na mayai ya magonjwa kwenye bwawa tupu tu, kisha bwawa lisubiri. Anayemwaga mfuko wa chokaa ya kupakia nyumba kwenye bwawa lenye samaki, kwa kusikia tu kwamba "chokaa ni nzuri", anajitafutia hasara.

Wala si kila bwawa linahitaji chokaa. Udongo wa mbuga mara nyingi huwa na chokaa yake ya asili. Kujua, mfugaji adondoshe siki kwenye udongo mkavu au vijiwe vyeupe alivyochimbua. Vikitoa mapovu, chokaa ipo. Fedha ya mfuko wa chokaa ni bora iende kwenye kipimo cha pH.

Saruji mpya huua

Mjini Musoma, ambako viwanja ni vidogo na miamba ni mingi, tangi la saruji huonekana kuwa jawabu. Halivuji, huoshwa kwa urahisi, na samaki huvunwa bila kukanyaga tope. Lakini saruji mpya hutoa chokaa kali ndani ya maji, na pH inaweza kupita 10. Katika kiwango hicho, karibu amonia yote huwa sumu, na ngozi na mashavu ya samaki huungua. Vifaranga vilivyowekwa kwenye tangi lililokamilika juzi hufa kwa wingi, na mwenye tangi humlaumu aliyemuuzia.

Dawa yake ni subira. Tangi lijazwe maji, likae kwa siku kadhaa hadi wiki, maji yamwagwe, kisha lijazwe tena. Zoezi hilo lirudiwe mara tatu au zaidi. Kuta zikisuguliwa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha zikasuuzwa vizuri, kazi huenda haraka zaidi. Kipimo cha mwisho ni karatasi ya pH: maji yakikaa ndani siku tatu na pH ikabaki chini ya 9, hapo vifaranga vichache vya majaribio vinaweza kuingizwa. Ratiba ya mradi, hasa ule wa mkopo wenye tarehe ya marejesho, iweke mwezi mzima kwa kazi hii.

Plastiki haina tumbo

Karatasi ya plastiki inazuia maji kuvuja hata kwenye mchanga mtupu, na haibadilishi pH. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba ndiyo sakafu isiyo na kasoro. Wanachosahau ni kwamba udongo wa bwawa la kawaida una kazi ambayo plastiki haiifanyi. Ndani yake wamo bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na hatimaye naitreti isiyo na madhara makubwa. Udongo ni kama tumbo linalosaga uchafu. Plastiki ni kama sahani: kinachodondoka hubaki juu yake hadi kiondolewe.

Bwawa la plastiki na tangi la saruji, kwa hiyo, huhitaji kutolewa uchafu wa chini mara kwa mara. Sakafu iteremke kuelekea kwenye bomba la kutolea maji, na kila mita 10 za urefu ziwe na mteremko wa sentimita 10 hadi 20. Maji yanayotolewa yachukuliwe kutoka chini, kwenye uchafu. Wengi hufungulia bomba la juu na kumwaga maji safi, huku uchafu ukibaki. Anayetaka samaki wengi kwa kila mita ya mraba lazima pia awe na chujio lenye kokoto, au vipande vya plastiki, ambamo bakteria hao watapata makazi, pamoja na pampu ya hewa.

Ubora wa karatasi nao utazamwe. Karatasi nyembamba ya kufunikia mazao hupasuliwa na jua kali ndani ya muda mfupi. Shimo nalo lisafishwe mawe na mizizi, kisha litandikwe mchanga laini kabla ya karatasi.

Tope jeusi na mvua ya kwanza

Kila sakafu, hata iliyo nzuri, huzeeka. Kinyesi, majani na chakula vikilundikana, tope la chini hukosa oksijeni, hugeuka jeusi na kunuka kama yai bovu. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfa, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Hatari kubwa huja na mvua. Baada ya kiangazi, mvua kubwa ya vuli ikishuka usiku, maji baridi huzama na kuyainua yale ya chini yaliyokosa oksijeni. Asubuhi mfugaji hukuta samaki wamepanua midomo juu ya maji, au wamekwisha kufa. Majirani husema bwawa limetiwa sumu. Mara nyingi sumu ilikuwemo, ililala chini ikisubiri kuchanganywa.

Ziwa lenyewe limetoa somo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022, upande wa Kisumu nchini Kenya, samaki wengi waliofugwa kwenye vizimba walikufa, na watafiti walieleza kuwa maji yalikuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni. Mwenye kizimba Musoma naye ana sakafu: ni ule udongo wa ziwa ulio chini ya wavu wake, unaopokea kinyesi kila siku. Ndiyo maana vizimba havifai kuwekwa kwenye maji mafupi yaliyotulia.

Kwa mwenye bwawa la udongo, tiba ni ya kikulima kabisa. Baada ya kuvuna, bwawa lipumzishwe kama shamba. Likaushwe kwa wiki mbili hadi nne mpaka sakafu ipasuke nyufa, ili hewa iingie na kuchoma uchafu. Tope la juu lililozidi likwanguliwe na kupelekwa kwenye bustani ya mchicha, nyanya au migomba, kwani ni mbolea. Kwa njia hiyo, kilichokuwa hasara kwenye samaki hurudi kama mazao.

Vijaluba vya chambo na matangi ya sebuleni

Somo hili linawahusu pia wafanyabiashara wadogo. Wavuvi wa sangara kwa ndoano hutumia kambale wadogo walio hai kama chambo, na wapo wanaoishi kwa kuwafuga na kuwauza. Kambale huvuta hewa juu ya maji, hivyo hafi upesi kwa kukosa oksijeni, na hilo huwadanganya wengi. Amonia humdhuru kama samaki wengine. Kijaluba cha saruji kisichomwagwa uchafu wa chini humpa mvuvi chambo kilicholegea, na mvuvi hatarudi kununua.

Mwenye tangi la kioo la samaki wa mapambo, dukani au sebuleni, naye azingatie anachotandika chini. Kokoto za miamba migumu ya Musoma, zikioshwa vizuri, hazibadilishi maji. Vipande vya matumbawe na makombe kutoka pwani hupandisha pH, na siki huvitambua mara moja kwa mapovu. Changarawe nene isiyosafishwa huficha chakula kilichooza. Kina cha vidole viwili au vitatu kinatosha, nayo ifyonzwe uchafu kwa mpira kila maji yanapobadilishwa.

Pa kuepuka kabisa

Kuna sakafu ambayo haina tiba. Buhemba wilayani Butiama ni eneo la uchimbaji dhahabu tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki kunasa dhahabu. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki na kubaki humo, zaidi kwa samaki wanaokula wenzao kama kambale. Samaki hao huonekana wanene na wenye afya. Anayedhurika ni mlaji, hasa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Mashimo ya zamani ya wachimbaji na mahali palipomwagwa marudio pasigeuzwe mabwawa, hata kama yamejaa maji mwaka mzima na hayahitaji kuchimbwa.

Sheria nayo ikumbukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na matumizi ya maji kwa mradi huhitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Ofisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kumwona kwanza, na mafunzo hutolewa na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wenye kampasi Nyegezi mkoani Mwanza na Gabimori wilayani Rorya.

Kenya ilijifunza kwa gharama. Kuanzia mwaka 2009, serikali ya nchi hiyo iligharamia uchimbaji wa mabwawa 200 yenye mita za mraba 300 kila moja, katika kila jimbo kati ya majimbo 140. Ufugaji uliongezeka kwa kasi, lakini mabwawa mengi baadaye yaliachwa, na miongoni mwa sababu zilikuwa uhaba wa maji na ughali wa chakula. Yote mawili, kama ilivyoonekana, yanaanzia chini.

Mfugaji wa Mara anayetaka kuanza msimu ujao ana kazi ndogo ya wiki moja kabla ya kukopa: donge la udongo, shimo la majaribio, chupa ya siki na karatasi za pH. Vitu hivyo vyote havifiki thamani ya mfuko mmoja wa chakula. Majibu yake ndiyo yatakayoamua kama atafuga kwenye udongo, saruji au plastiki, na kama mkopo wake utarejeshwa kwa samaki au kwa kuuza ng'ombe.